Miaka 40 ya Chernobyl: Waliambiwa siku tatu, hawakurudi tena

Aprili 26, 2026 imetimia miaka 40 tangu kinu namba 4 cha mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, kaskazini mwa Ukraine, kilipolipuka. Kila tarehe hiyo ikifika ubishi ni uleule: walikufa wangapi? Wengine hutaja 31 wa mwanzo, wengine maelfu ya wagonjwa wa saratani. Watu zaidi ya 330,000 waliong'olewa makwao huishia kupewa mstari mmoja. Ndiyo dhuluma ya pili waliyotendewa.

Kilomita tatu hivi kutoka mtamboni ulikuwapo mji wa Pripyat, ulioanzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi. Ulikuwa na wakazi wapatao 49,000, wengi wao vijana wenye watoto wadogo. Kinu kililipuka saa 7:23 usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi watoto walikwenda shule kama kawaida, na harusi zikafungwa.

Jioni hiyo viongozi walivutana vikali, na mwanahistoria Serhii Plokhy ameusimulia mvutano huo katika kitabu chake cha mwaka 2018. Wanasayansi walitaka mji uhamishwe mara moja. Maofisa wa afya wakashikilia kanuni: kiwango cha mionzi kinacholazimisha kuhamisha watu hakijafikiwa. Boris Shcherbina, naibu waziri mkuu wa Umoja wa Kisovieti aliyeongoza tume ya serikali, aliamua usiku kuwa watu waondoke. Wakati huo mabasi zaidi ya 1,000 yalikuwa yakipelekwa kutoka Kyiv.

Jumapili mchana redio za majumbani zikatangaza: chukueni vitambulisho, vitu vya lazima na chakula kidogo, zimeni umeme, fungeni maji na madirisha. Saa 8 mabasi yakaanza kuondoka. Watu waliambiwa ni kwa siku tatu hivi, kwa hiyo albamu za picha, nguo za baridi na mbwa vikaachwa nyuma. Kufika jioni mji ulikuwa mtupu.

Vijiji vya eneo la kilomita 30 kuzunguka mtambo vikafuata, na mwaka 1986 pekee watu 116,000 wakahamishwa. Baadaye wengine zaidi ya 200,000 wakahamishwa Ukraine, Belarus na Urusi.

Mwaka 2005 Jukwaa la Chernobyl, lililokusanya mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali za nchi hizo tatu, lilitoa ripoti ambayo hadi leo haijasomwa inavyostahili. Ilisema kuhamishwa kuliwapunguzia watu mionzi, lakini kwa wengi kulikuwa pigo zito la moyo. Waliobaki au waliorudi vijijini walikuwa na utulivu wa akili zaidi kuliko waliopelekwa mbali, ambao walikosa kazi na majirani waliowazoea.

Ripoti hiyo ilifichua pia mtego wa takwimu. Vijana na wenye ujuzi walihama maeneo yaliyochafuliwa, wazee wakabaki. Kijiji cha wazee huzika wengi na kuzaa wachache. Watu wakitazama makaburi wakasema ni mionzi, nao waliosalia wakazidi kuhama. Atakayehesabu vifo bila kuhesabu wahamaji atadanganyika.

Wapatao 1,200, wengi wao bibi vizee, walirudi vijijini mwao kinyume cha amri. Polisi waliwatoa, wakarudi tena, mwishowe serikali ikawaachia. Walilima viazi bustanini, wakaokota uyoga msituni na kuwasha majiko ya kuni. Leo waliobaki ni wachache sana.

Wafanyakazi wa mtambo walijengewa mji mpya, Slavutych, nao ukayumba kinu cha mwisho kilipozimwa mwaka 2000.

Haya yanatuhusu. Kenya inapanga mtambo wake wa kwanza wa nyuklia, na wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipopinga usijengwe kwao, wapo waliowaona wakorofi. Pingamizi lao lilikuwa la haki. Kabla ya kutajiwa megawati, mwananchi aonyeshwe daftari: kaya ngapi zitahama likitokea la kutokea, zitapelekwa wapi, zitakaa pamoja au zitatawanywa, na nani atazifuatilia kwa miaka 40. Serikali isiyo na daftari hilo haijawa tayari kuwa na mtambo.