Toba ni Kurudi: Safari ya Neno Moja Pwani ya Kusini

Chikongola ni kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na jina lake linaanza na chi- ya Kimakonde, pale ambapo Mswahili wa Unguja angeweka ki-. Lakini mtu wa hapo akipewa habari ya kushtua, kinachomtoka kwanza ni neno lenye asili ya Kiarabu: "Toba!" Mwislamu hulisema, Mkristo hulisema, na hata asiyekumbuka mara ya mwisho alipoingia nyumba ya ibada hulisema. Mzazi aliyekasirika naye humwambia mtoto mtundu, "Leo utatubu!" Hapo hazungumzii dini hata kidogo, anazungumzia fimbo.

Neno lililofika mpaka kwenye fimbo limesafiri mbali. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu taba, ambacho maana yake ya kwanza ni kurudi. Kiarabu hukitumia kwa pande mbili: mja humrudia Mola wake, na Mola naye humrudia mja kwa rehema. Ndiyo sababu Tawwab, mwingi wa kupokea toba, ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Sura ya 9 ya Qur'ani inaitwa Tawba, nayo ndiyo sura pekee isiyofunguliwa kwa Bismillahi. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kililitia katika ukoo wake: kutubu, kutubia, kutubisha.

Katika mafundisho ya Kiislamu toba ina masharti. Mtu aiache dhambi, aijutie, aazimie kutoirudia. Na kama dhambi yenyewe imegusa haki ya mtu, amrudishie haki yake au amwombe radhi. Sharti hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana halimaliziki kwenye mswala. Aliyeiba korosho za jirani hatoki dhambini kwa machozi peke yake. Lazima gunia lirudi.

Mwaka 1908 wito wa toba uliitia serikali ya Kijerumani wasiwasi. Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa vimekwisha muda mfupi tu, na njaa iliyoletwa na uchomaji wa mashamba na maghala ilikuwa imeua watu wengi zaidi kuliko risasi. Katikati ya majonzi hayo ilizuka Lindi, kaskazini mwa Mtwara, barua iliyodaiwa kutoka Makka. Iliwaonya Waislamu kwamba dunia imejaa maasi na mwisho u karibu, basi warejee kwenye ibada. Barua hiyo ni ya jamii ya zile zinazosimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, ambazo katika karne ya 19 zilikuwa zimekwisha kufika mpaka visiwa vya Indonesia. Wajerumani waliona humo uchochezi. Waliwashuku Waarabu wa ukoo wa Barwani, ambao mmoja wao alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyewahi kupigana na Wabelgiji huko bara.

Afisa wa Kijerumani alisoma siasa, na huenda hakukosea kabisa. Lakini kwa aliyezika watu wa nyumba yake baada ya vita, neno toba lilikuwa na kazi nyingine. Lilimwambia kwamba mambo yaliyovunjika yana njia ya kurejea. Miongo iliyofuata Uislamu ulienea sana katika vijiji vya bara ya kusini, na tarika za Kisufi kama Kadiria zilikuwa sehemu ya uenezi huo. Katika desturi ya tarika, anayeingia huanza kwa kutubu mbele ya sheikh wake.

Wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuvuka ukuta wa msikiti. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashukia Lindi na kuanza safari ya bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, walikotekwa wengi wao. Wakaishia Masasi, wakajenga hapo. Steere alikuwa bingwa wa Kiswahili na mfasiri wa Maandiko. Wafasiri wa Biblia hawakubuni neno jipya la kumhubiria mwenye dhambi. Walilichukua lililokuwa tayari vinywani mwa watu wa pwani, na hadi leo Yohana Mbatizaji, katika Mathayo 3:2, anawaambia watu "tubuni".

Uteuzi huo ulizaa jambo la ajabu. Injili iliandikwa kwa Kigiriki, na neno la Kigiriki mahali hapo, metanoeite, hasa linahusu kugeuza nia. Manabii wa Kiebrania walikuwa wakisema shuv, yaani kurudi. Kwa kushika neno la Kiarabu, Kiswahili kiliipa Injili tena ile sura ya njia na nyayo iliyokuwamo katika lugha ya manabii. Mwana mpotevu wa Luka 15 anajuta akiwa kwa nguruwe. Toba yake inaonekana anaposhika njia ya nyumbani.

Wabenediktini, waliopoteza misheni yao ya Lukuledi katika Majimaji na kuanzisha ile ya Ndanda mwaka 1906, walikuwa na mapokeo ya Kikatoliki ambayo kwa Kiswahili yana neno jingine la ukoo huo: kitubio. Muundo wake ni ule wa kufagia na kifagio. Kifagio ni chombo cha kufagilia, na kitubio, jina la sakramenti, kinasikika kama chombo cha kutubia. Muumini husema anakwenda kuungama, yaani kuyataja makosa yake mbele ya padri, kisha hupewa malipizi. Angalia kwamba malipizi yametokana na kulipa.

Kwa hiyo maneno haya hayalingani. Majuto ni ya moyoni, na wahenga walisema ni mjukuu, huja kinyume. Kuungama ni kwa ulimi. Toba inadai miguu na mikono, na hapo msikiti na kanisa vinakutana: kilichochukuliwa kirudi.

Anayetaka kuliona hilo bila kufungua kitabu na aende mazikoni. Kabla ya maiti ya Mwislamu kupelekwa makaburini, jamaa mmoja husimama na kuwatangazia waliohudhuria: mwenye kumdai marehemu awaone wanafamilia, na aliyekosewa naye amsamehe. Marehemu hawezi tena kutubu. Deni lake bado linaweza kurudi kwa mwenyewe.