Kuchoma Nywele: Neno, Moto na Majira katika Nyanda za Singida

Kunyoosha nywele kwa joto nyumbani hakuna jina la fahari katika Kiswahili. Husemwa tu kuchoma nywele, kwa kitenzi kile kile kitumikacho kwa mahindi na nyama. Mara nyingi kazi hii huhesabiwa pamoja na mawigi na dawa za kulainisha, kana kwamba yote ni jambo moja, yaani kukana maumbile. Lugha yenyewe, pamoja na hali ya hewa ya nchi kavu kama Singida, vyaonyesha kwamba hesabu hiyo si sawa.

Chombo chake ni chanuo au kitana cha chuma. Maneno haya mawili ni ya shina moja: palipo na ch katika Kiunguja, lahaja za kaskazini huwa na t, kama macho na mato, hivyo chana na tana ni ndugu, na chanuo na kitana ni watoto wao. Kitana huwekwa juu ya jiko la mkaa. Kipimo cha joto ni kitambaa cheupe au kipande cha karatasi: kikigeuka rangi ya kahawia, kitana hupozwa kwanza. Nywele zilizokwisha kuoshwa na kukauka hugawanywa mafungu, hupakwa mafuta kidogo, kisha huvutwa kutoka shinani hata nchani, na anayechomwa hukunja sikio lake kwa mkono wake mwenyewe. Ni kazi ya watu wawili wanaoaminiana. Mtu hampi adui kisogo chake karibu na chuma cha moto.

Mabadiliko hayo si ya kudumu, na sababu yake yajulikana. Katika miaka ya 1930 W. T. Astbury wa Chuo Kikuu cha Leeds alichunguza nywele na sufu kwa eksirei, akaonyesha kwamba keratini yake yaweza kuvutwa ikabadili umbo na kurudi tena. Joto hulegeza bondi za haidrojeni tu, na maji huzirudisha zilivyokuwa. Dawa kali huvunja bondi za salfa, nazo hazirudi. Unywele hungoja kuota upya. Moto nao ukizidi, kiasi cha kupita nyuzi 200 za Selsiasi, huuharibu unywele wenyewe.

Hapa ndipo Singida inapokuwa na neno lake. Mji huo uko katika uwanda wa juu, yapata meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Miezi iliyobaki hewa ni kavu na yenye upepo. Katika unyevu wa pwani nywele zilizochomwa huanza kujikunja upesi. Katika kiangazi cha bara hudumu zaidi. Krismasi, sikukuu ya kujipamba, huangukia wakati mvua imekwisha kuanza, na kazi ya jioni nzima yaweza kupotea njiani kwenda kanisani.

Asili ya ufundi huu ni ya mbali. Mwaka 1872 Marcel Grateau alikuwa akitengeneza mawimbi ya nywele kwa koleo la moto mjini Paris. Huko Marekani kitana cha moto kilienezwa sana na Madam C. J. Walker (1867–1919), aliyekuwa dobi kabla ya kuwa tajiri. Wengi humwita mvumbuzi wake, lakini sivyo.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, iliyoanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Lililaani sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Hivi ni vitu vya dukani, na vyaonekana barabarani. Nani angemkamata mtu kwa nywele zake mwenyewe, ambazo zingerudi zilivyokuwa mara zikipata maji? Anayeandika historia ya urembo kwa kufuata makatazo peke yake ataandika historia ya maduka, na jiko litabaki nje.

Hata hivyo lugha haikosi lawama. Nywele zilizojikunja huitwa za kipilipili, kwa mfano wa punje za pilipili manga, na jina hilo husemwa kwa dharau mara nyingi. Zilizonyooka huitwa za singa. Lakini singa ni wingi wa usinga, na usinga ni pia mgwisho ule wa kufukuzia nzi, ufanywao kwa singa za mkia wa mnyama. Katika nchi ya wafugaji kama Singida, wenye kuzisifu nywele za singa wazisifu kwa jina la mkia.

Siku hizi pasi ya umeme imeanza kushika nafasi ya kitana, na pamoja nayo usemi umegeuka: nywele hupigwa pasi, kama nguo. Moto umeondoka katika neno, kipimo cha kitambaa kimebaki kwa wachache, na mvua ya Desemba huzikunja nywele vile vile.