Warsha Mbili na Kibao Shingoni

Nikiwa darasa la nne, nilivaa kibao shingoni tangu mapumziko ya saa nne hadi kengele ya mwisho. Kosa langu? Nilimwambia mwenzangu wa dawati "nipe raba" siku ya Kiingereza. Nilipofika nyumbani, nilimkuta mama mezani akikunja karatasi za manila alizotoka nazo kwenye warsha ya walimu. Mama alikuwa mwalimu wa Kiingereza.

"Mama, kwani Kiswahili ni matusi?"

Alinyamaza kidogo. "Hapana, mwanangu. Hata sisi tulivaa. Tuliambiwa ndiyo njia."

Tuliambiwa na nani? Hilo swali nimetembea nalo miaka mingi, na sehemu ya jibu nimeipata Kampala.

Wapenzi wa vitabu wanajua stori ya Makerere 1962. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, na Ngũgĩ, wakati huo mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, alikuwa pale pale chuoni. Lakini mwaka mmoja kabla, Januari 1961, Makerere hiyo hiyo iliandaa mkutano mwingine ambao hatuutaji sana: mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Hakukuwa na washairi pale. Walikuwepo wataalamu wa lugha na maafisa wa elimu, na kazi yao ilikuwa kuamua mwalimu wa Kiingereza afunzwe vipi katika nchi zilizokuwa zikielekea uhuru.

Mwaka 1992 msomi Robert Phillipson, ambaye aliwahi kufanya kazi British Council, alichapisha kitabu kuhusu ubeberu wa lugha. Alisema kazi ya Makerere ilisimama juu ya imani tano. Kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu. Kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Kwamba mtoto akianza mapema ndivyo bora. Kwamba kadiri anavyokisikia zaidi ndivyo anavyokijua zaidi. Na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano upotofu.

Hebu zisome tena polepole, halafu kumbuka shule yako ya msingi. Si unazijua?

Kibao chenyewe kilikuwepo kabla ya 1961. Ngũgĩ ameeleza jinsi watoto wa miaka ya hamsini walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Kitu ambacho Makerere iliongeza ni heshima ya kitaalamu. Adhabu ya mkoloni sasa ilipata kauli ya wasomi nyuma yake. Na Kenya ilikuwa tayari njiani: tangu 1957, kituo maalumu cha Wizara ya Elimu jijini Nairobi kilikuwa kikitengeneza mtindo mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ukianzia shule za watoto wa Kihindi. Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Bendera ikabadilika, ubao ukabaki na maandishi yale yale.

Basi, walimu wenyewe walikuwa wapi muda wote huu? Walikuwa wameketi, wakiandika noti.

Ndiyo maana napenda sana mkutano wa pili. Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Chuoni walisikilizwa. Lakini sekondari watoto waliendelea kusoma Uingereza kwanza. Kwa hiyo Septemba 1974, idara mpya ya fasihi na wakaguzi wa Kiingereza wa Wizara ya Elimu waliwaita walimu wa sekondari, karibu 200, kujadili fasihi ya Afrika shuleni. Walikutana Nairobi School, ile iliyoitwa Prince of Wales na kujengwa kwa ajili ya watoto wa walowezi. Walimu Waafrika wakaketi humo kujadili nini kifundishwe Kenya.

Walikubaliana kwamba mwanafunzi aanze na Kenya, kisha Afrika Mashariki, kisha Afrika nzima, halafu watu weusi wa Karibi na Marekani, ndipo dunia iliyobaki. Na fasihi simulizi ipewe kiti. Leo mtahiniwa wa KCSE anakutana na fasihi simulizi ndani ya mtihani wa Kiingereza. Hadithi za bibi hazikufika huko zenyewe. Kuna watu walizipigania.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1974 ulibadilisha vitabu, haukubadilisha lugha ya darasani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo kwa miaka mitatu ya kwanza, na bado watoto wengi waliendelea kuvalishwa vibao. Mwaka 2021, TSC ilipozindua mafunzo ya lazima ya kujiendeleza kikazi, kelele kubwa ilikuwa kuhusu shilingi 6,000 ambazo mwalimu angelipa kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Kelele ya haki kabisa. Ila mimi ningeuliza pia: nani anaandika moduli, na mwalimu ataruhusiwa kubisha?

Mama amestaafu sasa. Juzi nilimuuliza ni warsha gani ilimsaidia zaidi. Akacheka. Akasema warsha zilimpa chai, mandazi, nauli na cheti, na mbinu chache nzuri za kusoma kwa sauti. Lakini darasani, mlango ukishafungwa, mtoto akikwama alikuwa anamwambia, "Haya, sema kwa lugha yako kwanza." Mtoto anasema, darasa linaelewa, kisha wote wanatafuta Kiingereza chake pamoja.

"Mbona hukuwahi kuwaambia kwenye warsha?"

"Nani aliniuliza?"