Jinja na Mbale: Kinga spika dhidi ya unyevu

Wafanyabiashara wanaopeleka spika Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanapaswa kuzikinga dhidi ya unyevu tangu zinapopakiwa, si zinapofika dukani tu. Jinja iko kando ya Ziwa Victoria, na Mbale iko chini ya Mlima Elgon. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha hurudi miezi ya mwisho ya mwaka.

Madhara
Koni ya karatasi hulegea na sauti hukwaruza. Boksi la spika lililotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi huvimba na halirudi hali yake. Chuma cha sumaku na vituo vya nyaya hushika kutu, na kitambaa cha mbele huota ukungu.

Njiani
Kontena linalotoka kwenye joto la Mombasa hupita baridi ya Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kufika Malaba. Unyevu uliofungiwa ndani hugeuka matone chini ya paa na kudondokea katoni. Kwa hiyo:
- Usipakie katoni au vichaga vya mbao vilivyolowa.
- Kagua matundu ya paa na mpira wa mlango.
- Kwa lori la wazi, funika kwa turubai zima, pande zote.

Kabla ya kutia saini, mpokeaji aangalie katoni zenye madoa au pembe laini na kuandika kasoro hizo kwenye hati ya mzigo. Bila maandishi hayo, ni vigumu kudai fidia.

Ghalani
- Weka katoni juu ya vichaga, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.
- Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale; ghala la bondeni linahitaji rafu za juu.
- Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 kwa muda mrefu, ukungu huota. Kipima unyevu kidogo kinatosha kuonyesha.
- Silika jeli husaidia ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, si katika chumba kilicho wazi. Ile ya buluu ikigeuka waridi imeshiba, ibadilishwe.

Spika iliyolowa isiwashwe. Ikaushwe kivulini penye upepo hadi ikauke kabisa. Jua kali hupindisha koni.