Moto juu, moto chini

Wapishi hupenda kusimulia kwamba Stéphanie Tatin, wa hoteli iliyotazamana na stesheni ya Lamotte-Beuvron, Ufaransa, alighafilika siku moja akaoka pai ya matufaha juu chini. Mimi siisadiki hadithi hiyo. Katika eneo lile la Sologne, pai za matunda za kupindua zilikuwapo kabla yake. Yeye na mdogo wake Caroline waliipatia sifa mwishoni mwa karne ya 19, na mwandishi Curnonsky akaitangaza Paris mwaka 1926.

Kinachonivutia zaidi ni jiko. Zama zile nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na oveni. Chombo kiliwekwa juu ya makaa, na kifuniko nacho kikapakiwa makaa. Bibi yangu, kwetu Unguja, aliuoka mkate wa kumimina vivyo hivyo. Basi pai yangu ya maembe naioka kwenye seredani: siagi na sukari chini, vipande vya embe, kisha chapati nene ya unga uliokandwa kwa siagi. Makaa machache chini, mengi kifunikoni. Ikiiva naipindua ingali moto, kabla sukari haijagandia sufuria.