Ruta ya Wati Chache

Leo tuache kidogo habari za kuandika programu, niwaeleze kwa nini ruta yangu haina feni wala diski, na vifaa vya aina hiyo vilitoka wapi.

Tarehe 25 Agosti 2023, saa nne kasoro usiku hivi, stima zilipotea karibu Kenya nzima. Hapa Noonkopir giza tumelizoea, kwa hiyo sikushtuka. Ruta yangu wakati huo ilikuwa kompyuta ya mezani, Pentium 4, niliyopewa na mwenye saiba moja alipofunga biashara. Niliitilia Linux na kadi ya Wi-Fi, na kwa kuwa diski yake ilikuwa na nafasi tele, nikaweka humo orodha ya madeni ya duka la mama. Stima ziliporudi diski ikawa inagonga tu, tak, tak, tak. Madeni ya miezi miwili yakaenda hivyo. (Ndiyo, najua, sikuwa na nakala. Msinitukane.) Mama hakugomba. Alianza kuwauliza wateja mmoja mmoja, na si wote waliokumbuka.

Ndipo nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo. Kompyuta ile ilikula kama wati 60 hata ikiwa imekaa tu. Zidisha kwa saa 24, kisha siku 30: uniti 43.2 za stima kwa mwezi. Kifaa cha wati 5 hula uniti 3.6. Njoo kwenye betri. Betri ndogo ya volti 12 na Ah 7, zile za king'ora, ina wati-saa 84, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Pentium ingezima baada ya dakika 42, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Kifaa cha wati 5 kingekaa zaidi ya saa 8.

Hesabu hii si yangu, ina wenyewe. Kampuni ya PC Engines ya Uswisi ilitoa bodi za ALIX mwaka 2007: prosesa ya Geode ya MHz 500, memori ya MB 256, na matumizi ya wati 3 hadi 5. Lakini kilichonivutia mimi ni mlango wa umeme. Bodi ilikubali chochote kati ya volti 7 na 20. Betri inayochajiwa na jua hupanda kupita volti 14 mchana na kushuka usiku, ALIX haikujali. Unaunganisha nyaya mbili, basi. Ubaya wake ni kwamba Wi-Fi, kadi ya kuhifadhia na hata boksi ulinunua kando, na sasa bodi hizo hazitengenezwi tena.

Njia ya watu wa mfuko mdogo ilifunguliwa kwa bahati. Linksys ilitoa WRT54G Desemba 2002, ruta ya kawaida ya nyumbani. Juni 2003 msanidi programu Andrew Miklas alieleza hadharani kwamba ndani yake mna Linux, ilhali msimbo haukutolewa kama leseni ya GPL inavyotaka. Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys mwaka huohuo, ikautoa. Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza kutokana na msimbo huo. Kuanzia hapo ruta ya kujitengenezea haikuhitaji kompyuta tena: ulinunua kisanduku cha dukani ukakibadilisha roho.

Kisha Linksys ikabana matumizi. Toleo la 5, mwaka 2005, lilipunguziwa memori hadi MB 8 na flashi hadi MB 2, na Linux ikatolewa. Wateja walilalamika, ikaletwa WRT54GL yenye MB 16 na MB 4 kama zamani. Jambo lilelile lilijirudia baadaye. TL-MR3020 ya TP-Link, iliyotoka 2011, ilikuwa tamu kwetu: volti 5 za USB na nafasi ya kuchomeka modemu ya simu. Lakini flashi ya MB 4 na memori ya MB 32 hazikuweza kubeba OpenWrt mpya. Hazikuuawa na stima, ziliuawa na uchache wa nafasi.

Hapa Nairobi, watu wa Ushahidi walilitazama tatizo kutoka upande wa pili. BRCK yao, iliyochangiwa zaidi ya dola 170,000 kwenye Kickstarter mwaka 2013, iliwekewa betri ya saa 8 ndani kwa ndani. Na mtu akidhani walitia chumvi, Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi nzima ikazimika kwa zaidi ya saa tatu.

Mimi nilichagua GL-MT300N-V2 ya GL.iNet, ile ya manjano iitwayo Mango. Flashi MB 16, memori MB 128, mlango wa USB wa modemu, na haifikii wati 3 yenyewe. Inataka volti 5, kwa hiyo kati yake na betri nimeweka chaja ya simu ya kwenye gari. Pamoja na modemu na kinachopotea njiani nahesabu wati 5. Ningekuwa na haraka kidogo na pesa zaidi ningengoja OpenWrt One ya mwisho wa 2024, yenye memori ya GB 1, lakini hiyo haikuwa imetoka.

Tarehe 11 Novemba 2023 stima zikapotea tena nchi nzima, Jumamosi jioni. Taa ya Mango haikupepesa. Mama alikuja na tochi kuitazama, akauliza kama madeni yako humo. Nikamwambia hapana, humo hamna diski. Akasema vizuri, akarudi kwenye daftari lake.