Dawa ya Moyo ni Binamu ya Sumu ya Mshale

Kuna mti unaitwa msungu. Ukitembea Ukambani, Tsavo ama kule nyuma ya Kilifi, unaweza kuupita na usijue chochote. Majani ya kijani, maua meupe yananukia vizuri, mti mpole kabisa. Lakini wawindaji wa Kikamba, Wagiriama na Waata walikuwa wanachemsha mbao na magome yake kwa masaa mengi hadi ibaki kitu nyeusi nzito kama lami, wanapaka kwa mshale, na huo mshale unaangusha ndovu. Ndovu mzima, wasee.

Sumu hiyo inaenda kwa moyo. Mwaka wa 1888 mwanakemia Mfaransa, Arnaud, aliitoa kwa mti huo na ikapewa jina ouabain. Hilo jina limetoka kwa neno la Kisomali, waabaayo, yaani sumu ya mshale. Hata kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya ya kusimama, anayetafuna gome la msungu halafu anajipaka mate hayo kwa manyoya ya ubavuni. Mbwa akimuuma, mbwa ndiye anakufa. Watafiti, wengine wao wa hapa Kenya, waliandika hiyo maneno 2011, ingawa wazee wa mashambani walikuwa wanajua kitambo.

Nimeanza na msungu kwa sababu leo nataka kuongea juu ya vidonge vya moyo na presha, zile pakiti ziko kwa droo ya karibu kila nyumba yenye mzee. Tunafundishwa historia ya dawa kama historia ya wanaume wenye koti jeupe waliogundua vitu. Mimi naona ni historia ya kuhesabu. Kilichogeuza sumu kuwa dawa ni mtu kukaa kando ya mgonjwa na kuhesabu mapigo, na mara nyingi mtu huyo amekuwa nesi.

Chukua John Kirk. Huyu ndiye alikuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, mmemsoma kwa historia ya kufungwa kwa soko la watumwa 1873. Kabla ya hapo alikuwa daktari kwenye safari ya Livingstone ya Zambezi, iliyoanza 1858. Huko alikusanya sumu ya mishale ya wenyeji, iliyoitwa kombe, kutoka kwa mmea mwingine kabisa. Akaiweka mfuko mmoja na mswaki wake. Siku moja anapiga mswaki, anasikia uchungu mdomoni. Alikuwa na homa na mapigo yake yalikuwa juu, lakini alipojishika mkono akapata yameshuka. Hivyo ndivyo Ulaya ilipata dawa ya moyo inayoitwa strofanthini. Wenye sumu walikuwa Waafrika na walijua kitambo inafanya nini kwa moyo wa mnyama. Kirk aliongeza kitu kimoja tu: alihesabu.

Sasa turudi nyuma miaka zaidi ya sabini, Uingereza. Daktari William Withering anaulizwa maoni kuhusu dawa ya siri ya mwanamke mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa majani kama ishirini hivi, unaoponya watu waliofura miguu na tumbo kwa maji. (Ukisoma mtandaoni kwamba aliitwa Mother Hutton, achana nayo. Hilo jina lilitokana na matangazo ya kampuni ya dawa ya karne ya 20.) Withering akajua kinachofanya kazi humo ni ua moja la zambarau, foxglove, ambalo kwa Kilatini ni Digitalis. Ndani yake kuna kemikali za ukoo mmoja na zile za msungu. Akalijaribu kwa miaka kumi, na 1785 akachapisha kitabu chenye wagonjwa zaidi ya 150, hata wale ambao dawa haikuwasaidia.

Kile ninachompendea huyu jamaa si hilo ua, ni orodha yake. Aliandika dalili za mtu aliyepewa dozi kubwa: kutapika, kuona vitu vikiwa vya kijani au njano, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika. Na akasema ukiona dalili ya kwanza, simamisha dawa. Dalili hizo ziko 1785, na nesi yeyote Kenya leo anafundishwa karibu zilezile.

Mbona ni hatari hivyo? Seli za moyo zina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Dawa ya ukoo huu inazishika hizo pampu. Ikizishika kidogo, moyo uliochoka unabana kwa nguvu zaidi na mapigo yanatulia. Ikizishika sana, moyo unapoteza mpangilio. Kati ya kidogo na sana nafasi ni nyembamba. Mbaya zaidi, potasiamu ikipungua mwilini, dawa inashika kwa nguvu zaidi, na zile dawa za kukojoza maji kama Lasix hupunguza potasiamu. Mzee mwenye moyo kuchoka mara nyingi anameza zote mbili asubuhi moja.

Ndio maana kuna sheria ya wodi ambayo watu hudhani ni manesi kujipa kazi. Kabla ya kumpa mtu mzima digoksini, unasikiza moyo kwa dakika nzima. Si sekunde kumi na tano mara nne, kwa sababu moyo usio na mpangilio utakudanganya. Ikiwa chini ya 60, dawa inangoja na daktari anaitwa. Unauliza kama amekula, kama ametapika, kama macho yako sawa. Ile saa ndogo inayoning'inia kichwa chini kwa kifua cha nesi haikuwekwa kwa urembo, iko hivyo ili aisome mikono yote ikiwa kazini.

Presha nayo ilichelewa kupata mtu wa kuihesabu. Mkanda wa kufunga mkononi ulikuja 1896 na Riva-Rocci wa Italia. Mwaka wa 1905 daktari mpasuaji Mrusi, Korotkoff, akaonyesha unaweza kusikiza mshipa kwa kifaa cha masikio na kupata namba zote mbili, ya juu na ya chini. Lakini kwa miaka mingi kupima kulikuwa rahisi kuliko kutibu. Mwangalie Roosevelt, rais wa Marekani. Machi 1944 alipimwa akapatikana na 186/108. Akapewa digitalisi, lile ua la Withering, akaambiwa apunguze chumvi na sigara na apumzike. Apumzike, na kuna vita vya dunia! Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa ulipasuka kichwani; presha siku hiyo ilikuwa 300/190. Namba zote walikuwa nazo, dawa ya maana hawakuwa nayo.

Dawa zikaja baadaye. Vidonge vya kukojoza vya 1958. Halafu mwaka wa 1967 utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani, wanaume 143 wenye presha mbaya sana: kati ya waliopewa vidonge bandia 27 walipatwa na mambo mazito, na kati ya waliotibiwa ni 2. Kisha kaptoprili, iliyotokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil anayeitwa jararaca. Sumu tena, unaona? Enalaprili inayopeanwa kliniki zetu ni mdogo wake.

Sahi sisi tuko kinyume cha Roosevelt. Vidonge tuko navyo, bei si mbaya sana, lakini anayehesabu hayuko. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya Wakenya waliohojiwa hawajawahi kupimwa maishani.

Shosho wangu ako kwa dawa hizi: digoksini, Lasix, enalaprili. Ua, maji, nyoka. Kuna mahali alikuwa anaenda kuchukua, sitapataja, na kwa miezi minne walimwangalia kadi, wakamhesabia vidonge, wakamwambia "haya shosho, mwezi ujao." Walihesabu vidonge, manze. Mapigo hakuna aliyegusa. Mwezi wa nne alikuwa ameacha kula, anasema chai inanuka. Sisi nyumbani tukasema ni uzee. Kisha akamwambia binamu yangu taa ya jikoni imebadilishwa, sahi ni ya njano. Hakuna aliyebadilisha taa.

Mjomba akampeleka zahanati ya karibu tu, kwa sababu ilikuwa Ijumaa jioni na matatu za mjini zilikuwa zimejaa. Nesi aliyekuwa zamu ni msichana wa rika langu. Hakuangalia kadi kwanza. Alimshika mkono, akaweka kifaa kifuani, akanyamaza. Mjomba akaanza kuongea, akainuliwa kidole. Dakika nzima. Ikatoka 46.

"Shosho, zile tembe ndogo nyeupe, leo umemeza?"

"Asubuhi, mwanangu."

"Basi usimeze tena mpaka daktari aseme." Akampima presha akiwa ameketi, akampima tena akiwa amesimama, akauliza kuhusu taa. Akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa usiku huohuo wapime potasiamu. Ilikuwa chini sana. Alilazwa siku tano.

Mimi chuo sikumaliza na si cha udaktari, kwa hivyo usisome hii halafu uende kumnyang'anya mzee wako dawa. Dawa zingine za presha na moyo ukizikata ghafla presha inaruka ama moyo unavurugika, na hiyo ni hatari yake pekee. Lakini kushika mkono wa mtu na kuhesabu dakika moja kwa simu yako unaweza. Kuuliza kama chakula kinaingia unaweza. Na ukienda naye kliniki na wanampea pakiti bila kumgusa, una haki ya kusema kwa heshima, "Sista, tafadhali mpime kwanza."

Shosho alirudi na dozi nusu ya ile ya kwanza. Kwa kalenda ya ukutani, ile ya duka la mbolea, ameanza kuandika namba kila asubuhi kabla ya chai. Jana ilikuwa 68.